Kufanyia kazi nyumbani Bweyeye: inawezekana, ila si kwa hesabu tunayopewa

TANGU janga la Uviko-19 litufungie ndani mwezi Machi 2020, maneno "kufanyia kazi nyumbani" yameingia midomoni mwetu na hayajatoka. Mjini Kigali yana maana inayoeleweka. Tangu Januari 2023 saa za kazi nchini Rwanda ni kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na ile saa ya kati ya saa mbili na saa tatu mtumishi anaweza kukubaliana na mwajiri wake aifanye akiwa kwake. Mtu mwenye kompyuta, umeme wa uhakika na mshahara unaoingia mwisho wa mwezi amebadilisha kiti tu.

Swali langu leo linamhusu mtu mwingine: kijana wa Bweyeye aliyemaliza sekondari, ana simu janja, hana ajira, na kila akifungua simu hiyo anaambiwa kwamba anaweza kupata riziki bila kutoka nyumbani. Je, ni kweli?

Kwa wasomaji wetu walio Tanga, Kisumu au Jinja: Bweyeye ni tarafa, umurenge kama tunavyoita wenyewe, katika wilaya ya Rusizi, kwenye kona ya kusini magharibi ya Rwanda. Imezungukwa na msitu wa Nyungwe upande mmoja na Burundi upande mwingine; ng'ambo ya mpaka ni Mabayi. Ukitoka Huye kwenda Rusizi kwa barabara kuu, unaacha njia pale Pindura katikati ya msitu, unashuka kilomita zipatazo 30. Siku hizi ni lami. Kabla ya lami, mvua ikinyesha gari lilikuwa jambo la bahati na mgonjwa alibebwa kwa machela.

Kwa watu wa huko, kazi ya nyumbani si suala la starehe wala la kukwepa foleni. Msitu uliowapa wazee wao kuni, asali, nyama na, kwa wengine, dhahabu ya kuchimba kwa siri, sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, yenye zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na tangu Septemba 2023 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Haitarudi kuwa shamba wala mgodi, na isirudi, maana mito mingi ya nchi hii inaanzia humo. Mpaka nao umekuwa kama mlango wenye komeo upande wa jirani. Mwaka 2016 Burundi ilizuia vyakula kuuzwa Rwanda. Mambo yakalegea 2022. Kisha tarehe 11 Januari 2024 ikafunga tena mipaka yake ya ardhini na sisi. Soko lililokuwa umbali wa kuvuka mto likawa mbali kuliko Kigali. Yamebaki mashamba ya kwenye miteremko, ambayo kila kizazi yanagawanywa yakawa vipande vidogo zaidi.

Ndiyo maana mtu akisema "fanyeni kazi nyumbani" watu wa Bweyeye wanamsikiliza kwa makini kuliko anavyodhani. Na ndiyo maana asiwaambie nusu ya habari.

Tuanze na kazi ya nyumbani isiyohitaji intaneti, kwa sababu ndiyo iliyopo na ndiyo inayolisha watu tangu zamani. Kuna fundi cherehani wa barazani, kuna mfuma mikeka na vikapu, kuna mfuga nguruwe na kuku, kuna mwoka mandazi, kuna kinyozi aliyefungua chumba cha mbele. Hawa hakuna anayewaita wafanyakazi wa nyumbani kwa maana hii mpya, lakini wanaishi mahali pamoja na kazi yao, na wengi hawajawahi kuwa na mwajiri.

Mfano wa fundi cherehani una mengi ya kutufundisha. Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa nguo za mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani haikufurahi, na mwaka 2018 ikasimamisha nafuu ya AGOA kwa nguo zinazotoka kwetu. Wapo waliolaani uamuzi ule, na sina ubishi kwamba suruali ya mtu maskini ilipanda bei. Hata hivyo naamini fundi wa kijijini alipata pumzi ambayo hakuwa nayo wakati marobota yalipokuwa yanamwagwa sokoni kwa bei ya bure. Shida yake sasa ni nyingine. Wateja wake ni majirani zake. Wanaleta sare za shule wote kwa wakati mmoja, wanaleta nguo za harusi msimu wa harusi, kisha miezi inapita kimya. Wengi wanalipa baada ya mavuno. Kijiji kimoja kinaweza kulisha mafundi watatu. Wa nne akifungua baraza anakula sahani ya wenzake.

Hapo ndipo ilipo mipaka ya kazi ya nyumbani ya kale. Haikosi ujuzi, inakosa mteja wa mbali. Na mteja wa mbali ndiye anayeahidiwa na simu janja. Kwa hiyo ahadi yenyewe ina msingi. Tuipime.

Kazi za mtandaoni zinazoweza kumpata mtu asiye na shahada kubwa ni chache na zinajulikana: kunakili sauti kuwa maandishi, kutafsiri, kuingiza takwimu, kujibu wateja wa kampuni, na kuweka alama kwenye picha na maneno ili kompyuta ijifunze kutofautisha gari na ng'ombe. Wenzetu wa Kenya wametutangulia. Serikali yao ilianzisha mpango wa Ajira Digital mwaka 2016, na wapo vijana wa Nairobi na Eldoret waliolipa kodi ya nyumba na karo za wadogo zao kwa kazi hizo. Asiyekubali hilo hajazungumza nao.

Lakini wazungumze pia kuhusu Machi 2024. Kampuni ya Remotasks, iliyokuwa ikiwagawia Wakenya wengi kazi za kuweka alama wakiwa majumbani mwao, ilifunga huduma zake Kenya. Watu waliokuwa wameacha kazi nyingine kwa ajili ya hiyo wakakuta akaunti hazifunguki. Hapakuwa na ofisi ya kwenda kugonga mlango, hapakuwa na meneja wa kumsubiri getini, hapakuwa na chama. Mfanyakazi wa kiwanda akifukuzwa anawajua waliofukuzwa pamoja naye, kwa sababu walikuwa wakipanda basi moja. Wa nyumbani hamjui hata mmoja. Na hata kazi za aina hiyo zinazofanyiwa ofisini hazijawa za kutajirisha: Januari 2023 jarida la Time lilieleza jinsi wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakisoma na kuchuja maneno machafu kwa ajili ya OpenAI, kupitia kampuni ya Sama, walivyolipwa chini ya dola mbili kwa saa.

Sasa tufanye hesabu ya kazi moja, ya kunakili sauti. Saa moja ya mazungumzo yaliyorekodiwa humla mnakili mzoefu saa nne hivi kuiandika. Mgeni wa kazi anafika hata saa sita, hasa kama wazungumzaji ni watatu na wanakatizana. Tuseme tangazo linasema "dola kumi kwa saa." Kijana aulize: saa ya nani? Kama ni saa ya sauti, zile dola kumi zimegawanywa kwa nne au kwa sita kabla hajanunua bando. Toa bando. Toa ada ya kupokea fedha kutoka nje. Toa kinachopotea dola zinapogeuzwa kuwa faranga. Toa siku ambazo hakuna kazi iliyotumwa, maana hulipwi kwa kusubiri. Kinachobaki kinaweza kumzidi kibarua wa shambani, na siku nyingine kisimzidi. Sisemi asifanye. Nasema aanze akijua.

Halafu kuna jambo ambalo mhadhiri wa mjini hawezi kulifikiria. Nyungwe hupata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati na hazina dari. Mvua ikianza, hata anayepiga kelele chumba cha pili humsikii, sembuse sauti ya mkutano uliorekodiwa Nairobi. Mnakili wa Bweyeye lazima amngojee Mungu. Umeme ukikatika, angoje tena. Na kwenye vilima vya mpakani simu hukamata mnara wa ng'ambo bila kukuomba ruhusa, ukashtukia uko ugenini ilhali umekaa kitandani kwako.

Nyumba yenyewe mara nyingi ni vyumba viwili na watu saba. Binti aliyeketi mbele ya simu hahesabiwi kuwa yuko kazini. Yuko nyumbani, basi achote maji, amshike mtoto, aangalie sufuria. Kaka yake akikaa hivyo hivyo pengine ataachwa, yeye haachwi. Nimewasikia wanawake wa Kamembe wanaouza bidhaa kwa simu wakisema kwamba huchukua muda kumfanya mume aamini kwamba kuandika ujumbe ni kazi, na kwamba huamini siku anapoiona pesa kwenye MoMo. Hili halitatuliwi na bando.

Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza litasikika kama kichekesho: kazi ya nyumbani Bweyeye isifanyiwe nyumbani. Ifanyiwe chumba kimoja cha jirani, chenye dari, betri ya jua, meza kumi na intaneti ya uhakika, ambacho mtu anakwenda kwa miguu na kurudi kwake mchana kula. Kinachomfaa mtu wa huko ni kutolazimika kuhamia Kigali na kulipa kodi ya chumba Nyamirambo. Kukaa ndani ya kuta zake mwenyewe si sharti. Starlink ilipata leseni Rwanda mwaka 2023; kifaa chake na ada ya mwezi ni mzigo usiobebeka kwa kaya moja ya mkulima, lakini kwa watu ishirini wanaogawana hesabu inaanza kuonekana.

Nani alipe mwanzo? Sheria ya kugawana mapato ya utalii inasema asilimia 10 ya mapato ya hifadhi za taifa irudi kwa jamii zinazozizunguka. Zamani ilikuwa asilimia 5, ikaongezwa mwaka 2017. Bweyeye imebanwa na msitu kuliko tarafa nyingi za nchi hii. Nitaambiwa kwamba fedha hizo hujenga madarasa na vituo vya afya, na hilo ni jema. Lakini darasa linamtoa kijana mwenye cheti, na baada ya cheti anautazama tena ule msitu. Chumba kimoja hakitavunja bajeti ya madarasa.

Pendekezo la pili linatokana na kikapu cha agaseke. Wanawake wa Rwanda walikuwa wakifuma vikapu hivyo majumbani mwao tangu enzi na enzi bila kupata zaidi ya pesa ya chumvi. Mwaka 2005 vikaanza kuuzwa katika maduka ya Macy's ya Marekani, kwa juhudi za ndugu wawili, Janet Nkubana na Joy Ndungutse, wa kampuni ya Gahaya Links. Mfumaji aliendelea kuwa nyumbani na mikono ilikuwa ile ile. Kilichoongezeka ni mtu aliyesimama katikati: aliyepokea oda kubwa, akaigawa, akakagua kipimo na rangi, akakataa kikapu kilichopinda, akasafirisha, akadai malipo. Kazi ya nyumbani isiyo na mtu wa katikati hubaki kazi ya majirani, na yenye mtu wa katikati asiyejulikana huishia kama ile ya akaunti zilizofungwa Nairobi. Bweyeye inahitaji ushirika wa vijana wenye jina, akaunti moja SACCO, na mmoja wao ambaye kazi yake ni kutafuta wateja na kugombana nao. Mteja akimtupa mtu mmoja hakuna anayejua. Akiutupa ushirika wa watu ishirini, walau wapo ishirini wa kuuliza.

Wauze nini? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaowahimiza vijana wetu wakashindane kwa Kiingereza na mamilioni ya watu wa Asia wanaokijua vizuri kuliko sisi na wanaokubali malipo madogo kuliko sisi. Mtu wa Bweyeye ana Kinyarwanda cha kuzaliwa, anaelewa Kirundi bila mkalimani, ana Kiswahili alichopata shuleni au sokoni Bugarama na Kamembe, ambako Bukavu na Uvira huingia na kutoka kila siku. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Benki ya Nairobi inayofungua tawi Kigali, redio ya Dar es Salaam inayotaka kusikiwa Bujumbura, shirika la Goma linalokusanya mahojiano ya wakulima: wote hao wanahitaji mtu wa kunakili na kutafsiri kati ya lugha hizo, na watu wanaoziweza zote si wengi duniani. Hiyo ndiyo bidhaa. Inatoka kijijini, haiozi, na haivuki daraja.

Na kwa kuwa gazeti hili ni la Jumuiya, niwaulize wakubwa wa Arusha. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Inataja bidhaa, watu, mitaji na huduma. Inatambua hata huduma inayotoka nchi mwanachama moja kwenda nyingine wakati mtoaji wake hajanyanyua mguu. Kwenye karatasi, binti wa Bweyeye anayenakili mahojiano ya ofisi ya Dodoma ni mfanyabiashara wa kimataifa.

Katika maisha hali si hiyo. Mama anayevusha vitunguu vilivyolimwa ndani ya Jumuiya, vyenye thamani isiyozidi dola 2,000, amewekewa utaratibu rahisi: anapewa cheti cha uasili mpakani pale pale, bila wakala wa forodha. Mtoa huduma mdogo hana kitu kama hicho. Ofisi ya Dodoma ikitaka kumlipa inauliza ankara, namba ya mlipakodi, na kama ikate kodi ya zuio au isikate. Mhasibu akiona usumbufu anampa kazi mtu wa karibu. Mkataba wa nchi zetu wa kuepuka kutoza kodi mara mbili ulitiwa saini mwaka 2010 na bado unasubiri kuridhiwa na wote. Kampuni kubwa ina mwanasheria wa kuuzunguka upungufu huo. Mwenye dola 80 za mwezi ana nani?

Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana kushusha gharama za kupiga simu mtu akiwa nchi jirani, na bei zikashuka kweli. Tuliona kwamba wakitaka wanaweza. Kutuma fedha kwa simu kutoka Kenya kuja Rwanda kunawezekana siku hizi, ila ada na kiwango cha kubadilisha fedha hukata kiasi kinachouma pale malipo yanapokuwa madogo. Wafanye kwa malipo madogo ya huduma walichokifanya kwa vitunguu: waweke kiwango cha juu, fomu moja ya ukurasa mmoja inayotambulika katika nchi zote, na ada isiyozidi ile ya kutuma fedha ndani ya nchi. Hakuna barabara ya kujenga hapo.

Nitaulizwa pia kwa nini tuhangaike na tarafa iliyo mwisho wa barabara wakati vijana wanaweza kwenda Kigali. Wanakwenda. Wengi huishia kuendesha pikipiki za watu, kulinda mageti au kuosha vyombo, na nusu ya wanachopata hurudi kwa mwenye chumba. Aliyebaki Bweyeye analala kwa wazazi, anakula viazi vya shamba lao, na faranga 60,000 kwake zina uzito ambao Kigali hazina. Huo ndio ukweli unaosemwa mara chache: malipo ambayo hayamtoshi mtu wa Nairobi yanaweza kumtosha mtu wa kijijini, mradi asilazimike kuyategemea peke yake. Wanaofanikiwa kwa kazi hizi, kwa ninavyoona, wana miguu miwili: shamba, cherehani au nguruwe upande mmoja, mtandao upande mwingine. Mvua inapopiga bati wanashona. Kazi inapokosekana mtandaoni wanapalilia.

Kwa anayetaka kuanza wiki hii, yapo machache ya kufanya bila kumsubiri waziri. Asilipe ada ya usajili kwa mtu anayemwahidi kazi. Mwajiri wa kweli hamtozi kibarua kabla ya kumpa jembe, na walioliwa kwa njia hiyo katika mji wa Kamembe peke yake wanatosha kujaza basi. Akiambiwa alete kwanza watu watatu ndipo alipwe, aondoke. Ajaribu kunakili dakika kumi za taarifa ya habari ya redio, ya Kiswahili na ya Kinyarwanda, apime ametumia muda gani na amekosea mara ngapi. Hiyo ndiyo itakuwa barua yake ya maombi, nayo haigharimu zaidi ya daftari. Atafute wenzake wanne wanaoandika vizuri kabla hajatafuta mteja wa kwanza. Na asiuze cherehani ya mama yake ili anunue kompyuta.